Bunduki ya Mninga

Milango ya chuma ilipoanza kuingia Kasulu, Anania Ntabaye hakulalamika. Alikuwa fundi seremala kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano, na katika muda huo alikuwa ametengeneza vitanda, makabati, mabenchi ya kanisa, na majeneza ya watu ambao vitanda vyao pia alivitengeneza yeye. Alichofanya ni kuhamisha meza yake ya kazi kutoka mbele ya kibanda na kuiweka nyuma, ili wapita njia wasione kwamba haina kitu juu yake.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2013 aliitwa dukani kwa Haidari kung'oa mlango. Haidari alikuwa na duka la vitambaa na vyombo karibu na stendi. Alikuwa mtu wa kanzu na balaghashia, ukoo wake wa Ujiji, yeye mwenyewe mzaliwa wa Kasulu, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyeshuka jana kutoka Bagamoyo. Mlango wa mbao wa duka lile Anania aliutengeneza mwaka 1991. Sasa mafundi wa kuchomelea walikuwa wameleta wa chuma, una maua ya bati katikati, na umeegemezwa ukutani ukimsubiri mwenzake atoke.

“Usininunie, fundi,” Haidari alisema. “Wezi wa siku hizi wanatembea na mitaimbo.”

“Sijanuna.”

“Mlango wako haukuwa na kasoro.”

“Najua.”

Anania aliendelea kufungua bawaba. Haidari alizunguka zunguka pale, akapanga sufuria ambazo zilikuwa zimeshapangwa, kisha akatafuta neno zuri la kumwambia mtu anayeng'oa kazi ya mikono yake mwenyewe.

“Na nikikueleza ukweli,” alisema, “kazi yako bora wala siyo mlango huu. Kazi yako bora ni ile bunduki.”

Anania akaweka bisibisi chini.

Mwaka 1978 palikuwa na kambi ya mafunzo ya mgambo mahali panapoitwa Kinyamvuba, kwenye vilima vya ng'ambo ya Rungwe Mpya. Makuruta walikuwa mia moja na ishirini na bunduki za kweli zilikuwa sita, mbili kati yake zikiwa hazifyatuki. Mkuu wa kambi akatafuta fundi wa kuchonga za mbao. Akapata kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyetoka kumaliza ufundi kwenye karakana ya misheni, ambaye hakujua kukataa. Anania alikaa kambini miezi mitano, akachonga bunduki mia moja na ishirini za mninga, kila moja na namba yake kitakoni. Haidari alikuwa mmoja wa makuruta. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa bado hajaanza kuvaa kanzu.

“Namba thelathini na moja,” Haidari alisema. “Nililala nayo miezi minne. Tulipokwenda vitani tukapewa za chuma, mimi niliona nimeshikishwa kitu cha mtu mwingine. Yako ilikuwa inakaa begani. Ukipiga nayo saluti inasikia.”

Kwa miaka thelathini na mitano hakuna mtu aliyekuwa amemtajia Anania zile bunduki. Alimaliza kung'oa mlango, akaupakia kwenye mkokoteni, akaenda nao nyumbani. Jioni alimweleza mkewe Esteri.

“Bunduki gani?” Esteri aliuliza.

“Za mbao. Mia na ishirini.”

Esteri aliacha kuchambua maharage. Alikuwa ameolewa naye tangu mwaka 1983. “Umechonga bunduki mia na ishirini na hukuniambia?”

“Hukuniuliza.”

Esteri alilifikiria hilo, akaona ni kweli, akaendelea na maharage.

Kesho yake Anania alichukua mkaa akajaribu kuchora ile bunduki juu ya ubao. Mtutu ulikuja wenyewe. Mkanda akaukumbuka ulipopita. Lakini kitako kilimshinda. Kila alipokichora kilitoka kama mpini wa jembe, na alijua hakikuwa hivyo, ila hakujua kilikuwaje. Jambo hilo lilimuudhi kuliko milango yote ya chuma ya wilaya ya Kasulu. Siku tatu mfululizo alichora na kufuta. Siku ya nne alikwenda kwa Haidari.

“Nataka kwenda Kinyamvuba,” alisema. “Nikaone kama ipo hata moja.”

“Nitakwenda nawe,” Haidari alisema. “Wewe utapotea.”

Walipanda basi la asubuhi mpaka Rungwe Mpya, kisha wakatembea. Haidari alivaa kanzu na mabuti ya mpira, akashika mwavuli, akatangulia mbele kwa sababu alisema njia anaijua. Njia hakuijua. Mara mbili aliwaingiza kwenye shamba la mihogo, na mara zote mbili lilikuwa shamba lile lile, na mwenye shamba aliwaamkia upya kwa heshima kama ndiyo kwanza anawaona.

“Kambi ya zamani?” yule mwenye shamba aliuliza mara ya pili. “Si mmeshaipita? Pale penye mihogo iliyoanikwa.”

Mihogo ilikuwa imeanikwa juu ya jukwaa la saruji. Hapo ndipo mgeni rasmi alikuwa akisimama kupokea saluti. Ubavuni palikuwa na maandishi yaliyochorwa saruji ikiwa mbichi: KAMBI YA MGAMBO KINYA. Herufi zilizobaki zilikuwa zimebomoka, na mtu alikuwa amezitumia kuinulia mafiga. Uwanja wa gwaride ulikuwa shamba la maharage. Mahandaki yalikuwa yanaonekana bado, yamepinda pinda kama yalivyochimbwa, ila ndani yake ilikuwa imepandwa migomba, na migomba ilikuwa imenawiri kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yanatulia humo.

Haidari alisimama ukingoni mwa handaki moja kwa muda.

“Hili nililichimba mimi,” alisema.

“Lote?”

“Kuanzia hapa,” Haidari alionyesha kwa mwavuli, “mpaka pale.” Zilikuwa hatua mbili.

Wakaona tuta la shabaha, ambalo nusu yake ilikuwa imeliwa na wafyatua matofali. Wakaona kisima chenye mfuniko wa chuma, na mfuniko umefungwa kwa waya wa simu. Mwisho wakafika kwenye ghala la silaha. Zilikuwa kuta nne bila paa, na katikati ulikuwa umeota mti mkubwa kuliko ghala lenyewe. Anania aliinama akaingia. Ukutani yalikuwapo bado yale mapengo ambayo yeye mwenyewe alimpimia mkuu wa kambi, ya kupachika rafu za kusimamishia bunduki, mistari sita, ishirini ishirini. Chini palikuwa na soli ya buti, mkebe uliooza, na kinyesi cha mbuzi. Anania alisimama humo hadi Haidari akamwita mara ya tatu. Alikuwa hana huzuni hasa. Alihisi kitu kilicho karibu na njaa.

“Tuulize majirani,” Haidari alisema. “Watu hawatupi mbao.”

Hawakutupa. Kwenye nyumba ya kwanza namba kumi na mbili ilikuwa komeo la mlango, imekatwa mtutu ili itoshe. Kwenye nyumba ya pili bunduki mbili zilikuwa miguu ya kitanda cha kamba. Kwenye zizi la mbuzi ziliwekwa tano, zimesimamishwa vichwa chini na kupigiliwa misumari, na vitako vyote vilikuwa vimeliwa na mbuzi au vimeoza. Kila mwenye nyumba alimsifia Anania ule mti. Walisema mchwa wameushindwa. Anania aliwashukuru wote kwa zamu, bila kusema zaidi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa pembeni kabisa, shamba lake likipakana na msitu. Kabla hawajaifikia walimwona bibi mdogo wa umbo, amejifunga khanga mbili, amesimama mwisho wa shamba akiwa amelenga bunduki juu ya mti. Juu ya mti walikuwapo nyani wanane. Bibi hakusema kitu. Nyani nao hawakusema kitu. Baada ya muda wakashuka mmoja mmoja na kuondoka taratibu, kama wafanyakazi ambao likizo yao imekwisha.

“Shikamoo, mama,” Anania alisema.

“Marahaba. Msisimame hapo mbele, kuna wengine kule kwenye mti mwingine.”

Jina lake lilikuwa Tunu. Marehemu mumewe alikuwa mtunza ghala wa kambi, na kambi ilipofungwa alikabidhi vitu vyote kwa maandishi isipokuwa kimoja, ambacho alikileta nyumbani. Tunu alikuwa amelinda mahindi kwa bunduki hiyo tangu mwaka 1981. Alisema nyani wa kwanza walioiogopa walikuwa wamekufa zamani, lakini waliwafundisha watoto wao.

Alimpa Anania aishike. Anania aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa imekuwa nyeusi na laini kwa jasho la mikono, na pale kidole kinapokaa palikuwa pamelika. Kitakoni palikuwa na namba themanini na nane. Anania aliiweka begani, akashusha shavu, na shavu likakuta mahali pake.

“Themanini na nane,” Haidari alisema. “Hii ilikuwa ya Nsabimana, wa Nyabibuye. Alikuwa anacheka kwenye gwaride. Alizungushwa uwanja mpaka tukamhurumia.”

“Alikufa vitani?” Tunu aliuliza.

“Hapana, alirudi salama. Alikufa mwaka tisini na moja, alianguka kutoka paa la shule.”

Tunu alisema Mungu amlaze pema. Kisha Anania akaeleza alichotaka. Alitaka kuichukua akaipime, na badala yake angemchongea Tunu mpya.

Tunu aliangalia mahindi yake. Yalikuwa yamefika magotini. “Sasa hivi hakuna shida, nyani hawali majani,” alisema. “Lakini mwezi wa kwanza mahindi yakibeba, niwe na bunduki mkononi. Na iwe nzito hivi hivi. Ukiniletea nyepesi watajua.”

Akawapa gunia la kuifunikia. Gunia lilikuwa fupi na mtutu ukabaki nje.

Njiani kurudi Haidari aliibeba yeye. Aliiweka begani, akatembea kwa hatua za zamani nusu saa nzima. Kisha bega likamuuma, akamrudishia Anania. Hiyo ilikuwa dakika kumi kabla ya kufika barabara kuu ya kokoto, na kwenye barabara kuu ya kokoto kulikuwa na kizuizi. Wiki hizo ilikuwapo operesheni ya kusaka silaha haramu na watu walioingia nchini bila kibali, na askari walikuwa wamesimama pale tangu alfajiri bila kupata hata kisu. Sasa wakaona wazee wawili wanatoka porini, mmoja amebeba gunia lenye mtutu.

“Chini! Laleni chini! Mikono mbele!”

Walilala chini. Haidari alilala na mwavuli wake ukiwa umefunguliwa, kwa sababu hakuambiwa aufunge.

Walipelekwa kwenye kituo kidogo, chumba kimoja cha kaunta na kingine cha mahabusu. Aliyekuwa zamu ni Sajini Stanislaus, mtu wa Sumbawanga, mnene, mpole, aliyechoka. Alilitoa gunia, akaiangalia bunduki. Akaikwaruza kwa ufunguo. Akainusa.

“Hii ni mbao,” alisema.

“Mninga, afande,” Anania alisema.

“Nani aliitengeneza?”

“Mimi.”

“Kwa ajili ya nini?”

“Serikali.”

Sajini alimtazama muda mrefu, akataka kuiweka bunduki chini, na alipoigeuza, kitako kikalia. Chaka chaka. Askari kijana aliyesimama karibu na dirisha akahamia mlangoni. Sajini alibaki ameinyoosha mikono, bunduki imetulia hewani.

“Ndani kuna nini?”

“Kokoto, afande.”

“Kokoto za nini?”

“Za uzito. Mkuu wa kambi alitaka za mbao ziwe na uzito wa zile za kweli. Nikatoboa kitako, nikajaza kokoto na nta. Nadhani nta imeyeyuka.”

“Fungua.”

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Sajini alitafuta tundu akalikosa. Askari kijana alitafuta kwa tochi, kutoka mbali, akalikosa. Haidari, ambaye alilala na bunduki ya aina hiyo miezi minne, alisema yeye hakuwahi hata kujua kwamba kuna tundu. Wote wakamtazama Anania, na Anania naye hakuliona. Aliizungusha bunduki kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba nyuma ya kitako, kwenda na kurudi, macho ameyafumba. Mwaka 1978 alikata kizibo kutoka kwenye kipande kile kile cha mti, akakirudisha mistari ya mti ikikutana. Kilikuwapo hapo mbele yao na hakionekani. Anania alijaribu kuficha furaha yake, kwa kuwa alikuwa chini ya ulinzi.

“Hapa,” alisema hatimaye, akaomba kisu. Walimpa kisu baada ya kushauriana.

Kokoto zilikuwa kumi na moja. Sajini alizipanga juu ya kaunta. Kisha akafungua daftari kuandika uraia wao.

“Baba yako alizaliwa wapi?” alimuuliza Anania.

“Heru.”

“Babu yako?”

“Heru.”

“Mbona Kiswahili chako kizito?”

“Nyumbani tunasema Kiha, afande.”

Sajini aliandika: atachunguzwa. Akamgeukia Haidari, akamuuliza naye baba yake alizaliwa wapi.

“Marhumu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, kitovu chake kilizikwa Kasongo, huko Kongo,” Haidari alijibu, “kisha majaaliwa yakamvusha ziwa akatia nanga Ujiji.”

Sajini aliandika: raia, hana shaka.

Kilichomtatiza Sajini ni kosa. Alipekua kitabu chake mbele na nyuma. “Ingekuwa ya chuma ningejua la kufanya,” alisema. “Ingekuwa mwiko wa ugali ningejua pia.” Mwishowe aliamua kwamba Anania ataripoti kila Jumatatu mpaka maelekezo yatakapotoka wilayani, na bunduki itabaki kituoni kama kielelezo. Akaandika kwenye karatasi na kuifunga kwa uzi: Bunduki, ya mbao, moja. Kokoto, kumi na moja.

Esteri alisikia habari hizo kutoka kwa watu watatu kabla mumewe hajafika nyumbani. Mmoja alimwambia kwamba Anania amekamatwa na bunduki. Mumewe alipoingia, Esteri alimwekea maji ya kunawa na kumuuliza swali moja tu.

“Ni zile mia na ishirini?”

“Moja,” Anania alisema.

Kila Jumatatu akawa anapanda baiskeli kwenda kuripoti. Jumatatu ya pili alikuta kaunta inayumba akaitengeneza mguu. Jumatatu ya tatu alitengeneza droo iliyokuwa haifungi. Jumatatu ya nne walimpa chai, na baada ya chai alirekebisha fremu ya mlango wa mahabusu, ambayo alikuwa ameiona siku ya kwanza na ilikuwa imemkera tangu hapo. Maelekezo ya wilayani hayakuja.

Mwezi wa kumi na mbili ulikuwa unakwisha alipoleta ombi lake.

“Afande, nina ahadi ya mtu. Naomba ruhusa ya kuchonga nyingine.”

“Mzee wangu,” Sajini alisema, “unaripoti hapa kwa mambo ya bunduki. Sasa unaniomba ruhusa ya kutengeneza bunduki?”

“Ya mbao.”

“Hiyo hiyo ya mbao ndiyo iliyokuleta.”

Anania alikubali kwamba hilo nalo ni neno. “Basi naomba niipime tu,” alisema. “Hapa hapa, mbele yenu.”

Hilo Sajini hakupata sababu ya kulikataa. Kielelezo kikashushwa kutoka juu ya kabati. Anania alitoa futi, penseli na daftari la shule, akakaa kwenye benchi la wageni. Alipima urefu, unene, mzingo wa mtutu. Kisha akafika kwenye kitako na kuacha futi, akapima kwa viganja. Upande wa kushoto aliukuta umebonyea kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, ili shavu likae. Chini kulikuwa na mkunjo mwepesi unaoupeleka mkono mbele. Hakuna aliyemwagiza hayo. Mkuu wa kambi alitaka kitu cha kubeba kwenye gwaride. Yule kijana wa miaka ishirini na mitatu, aliyekuwa akilala kwenye hema lenye tundu na kula ugali wa makuruta, aliyafanya mara mia na ishirini kwa kuwa aliona ndivyo inavyotakiwa. Anania alimwonea kijana huyo wivu. Alikaa pale mpaka saa sita mchana, na watu waliokuja kuleta kesi za ng'ombe na za wake walipita wakimruka miguu.

Mwezi wa kwanza mwaka 2014, Jumatatu ya tatu, Anania alikuwa kituoni akisaini daftari wakati mlango ulipofunguliwa. Aliingia Tunu. Alikuwa na kikapu kichwani na vumbi mpaka magotini. Hakumsalimia Anania. Alikishusha kikapu juu ya kaunta na kukimimina: mahindi machanga, yaliyomenywa vibaya, yaliyong'atwa mara moja na kutupwa.

“Haya ni ya jana peke yake,” alisema. “Nataka bunduki yangu.”

Sajini Stanislaus alisimama. “Shikamoo, mama. Bunduki ipi?”

“Ile pale juu ya kabati.”

“Mama, una kibali cha kumiliki silaha?”

“Kibali cha nani?”

“Cha Serikali.”

“Nilikuwa nayo miaka thelathini na miwili, Serikali haikuniuliza. Nyani ndio waliokuwa wananiuliza, na nilikuwa nawajibu.” Akamgeukia Anania. “Na wewe uliniahidi.”

“Nimezuiwa, mama.”

“Na nani?”

Anania hakupenda kumtaja mtu aliyekuwa mbele yake. Alitazama kaunta. Tunu akamtazama Sajini. Sajini alichukua hindi moja, akalizungusha, akaziangalia alama za meno.

“Wanang'ata na kutupa tu?” aliuliza.

“Wanachagua.”

“Kwetu Sumbawanga wako hivyo hivyo,” Sajini alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Anania amfahamu alionekana ana hasira. “Marehemu mama yangu alikuwa analala shambani.”

Alikaa chini. Alivuta ile karatasi yenye uzi, akaisoma, akafikiria, kisha akakata mstari juu ya maneno ya kwanza na kuandika mengine polepole, akiyatamka kwa sauti ya chini: kifaa cha kufukuzia wanyama waharibifu. Akayasoma tena. Uso wake ukatulia kama wa mtu aliyetua mzigo. Kifaa hakikuhitaji kibali. Kifaa hakikuwa na kifungu cha sheria. Mtu aliyekamatwa na kifaa hakuwa na haja ya kuripoti Jumatatu.

“Weka dole gumba hapa, mama,” alisema.

Tunu aliweka dole gumba. Anania akarudisha kokoto kwenye kitako, na Tunu akaipokea bunduki, akaipima mkononi.

“Nyepesi,” alisema.

Walihesabu. Kokoto zilikuwa kumi. Askari kijana, baada ya kutafuta sana, alisema inawezekana moja aliiweka chini ya mguu wa kaunta mwaka jana, kabla mzee hajaitengeneza, na kuanzia hapo hajui ilikokwenda. Anania alitoka nje, akachagua kokoto barabarani, akarudi na tatu, na Tunu akaikataa ya kwanza na ya pili. Ya tatu aliikubali. Kizibo kikarudishwa. Tunu akaweka bunduki begani, akachukua kikapu chake kitupu, na mahindi akayaacha kwa askari wachome.

“Yangu usinichongee tena,” alimwambia Anania mlangoni. “Ninayo. Jichongee ya kwako.”

Alijichongea. Mninga wa kununua ulikuwa na masharti mengi ya misitu, kwa hiyo alitumia ule mlango wa Haidari wa mwaka 1991, ambao tangu siku ile ulikuwa umelala nyuma ya nyumba. Ilimchukua wiki sita kazi ambayo zamani ilimchukua siku moja na robo. Esteri alikuwa akipita na kutazama, akisema vumbi linaingia kwenye unga. Ilipokwisha, Anania aliipeleka dukani, Haidari akaiweka begani, akasimama katikati ya sufuria muda mrefu, wateja wawili wakisubiri.

“Hiyo hapo,” Haidari alisema.

“Upande wa shavu haujafika,” Anania alisema. “Umekaribia, lakini haujafika.”

“Mimi naona imefika.”

“Wewe shavu lako limenenepa.”

Haidari alikubali kwamba limenenepa. Aliomba aibakize dukani siku chache, na siku chache hizo zikapita mwaka. Wateja waliiuliza bei akawaambia siyo ya kuuza.

Wakati huo Anania alikuwa na kazi nyingine. Askari waliona kaunta, wakaona fremu ya mahabusu, na mmoja baada ya mwingine wakaja na vipimo. Mmoja alitaka kabati. Mwingine alitaka meza ya kulia ya watu wanne ingawa alikuwa anaishi peke yake. Mwaka 2015 Sajini Stanislaus alipata uhamisho wa kwenda Singida, akaja mwenyewe kibandani, akakaa juu ya gogo na kueleza shida yake. Alikuwa amehamishwa mara saba katika utumishi wake, na mara saba alilazimika kuacha kitanda. Alitaka kitanda cha futi tano kwa sita ambacho kinafunguka chote na kufungika tena bila msumari hata mmoja.

Anania alimuuliza analala upande gani.

“Kwa nini?”

“Nijue mbao nzito niiweke wapi.”

Sajini alifikiria, akasema analala upande wa kulia, karibu na mlango, kwa ajili ya kazi. Kitanda kilichukua mwezi mmoja. Siku ya safari Anania alikwenda stendi kukifunga mwenyewe juu ya basi, vipande kumi na sita, kila kimoja kimeandikwa namba kwa penseli, na Sajini alisimama chini na begi lake akihesabu vikipanda. Waliagana kwa kupeana mikono. Siku nne baadaye, Anania akiwa anapiga randa, simu ya Esteri ililia kwa ujumbe. Esteri akamsomea kwa sauti.

“Anasema kitanda kimefika salama. Anasema kinakaa vizuri. Ila chumba alichopewa ni kidogo, mlango haufunguki wote, na anauliza kama unaweza kupunguza nusu futi kwa kumwelekeza kwa simu.”

“Mwambie haiwezekani,” Anania alisema. “Mwambie abadilishe chumba.”

Esteri aliandika hivyo hivyo, akatuma.